Mawe ya Igandawe

Mzee Yotham Malugu aliokota mawe maisha yake yote ya kazi. Usicheke. Ndege ya kivita, pamoja na ukali wake wote, ikimeza kijiwe cha ukubwa wa harage injini imekwisha. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla marubani wa kambi ya Igandawe hawajamaliza chai, Yotham alikuwa ameshaipita njia ya kurukia ndege, ndoo mkononi, akiinama na kuinuka.

Kazi hiyo aliiomba kwa ajili ya mama yake. Kambi ilipojengwa, watu walihamishwa na makaburi yakabaki, na la mama likaangukia kwenye majani pembeni mwa lami. Raia hakuruhusiwa kuzuru, lakini mfagiaji nani amzuie? Alimsalimia kila siku. Kisha kamanda mmoja akaamuru mawe ya pembeni nayo yaondolewe. Na kaburi la Mgogo wa zamani lina nini zaidi ya mawe? Yotham aliyaondoa kwa mikono yake, akayatupa kwenye lundo nyuma ya banda la ndege pamoja na mengine yote. Alijipa moyo kwamba mahali anapajua, mkabala na mlingoti wa kitambaa cha kuonyesha upepo.

Miaka ikaenda. Vipuri vikakosekana, ndege moja ikawekwa juu ya magogo, nyingine ikafuata, ya mwisho ikaruka na haikurudi. Kambi ikafungwa. Wakaja watu wa vyuma chakavu. Walibeba mabati, milango, na mlingoti wakaukata.

Sasa eneo limepimwa viwanja, na wenye makaburi wameambiwa wahamishe watu wao kabla katapila halijaingia. Nyumbani, dada yake Ruthu alikwisha kuchimbisha kaburi jipya. Na kwao kaburi lililochimbwa halilali wazi, maana litamwita mwingine.

“Shikamoo, mzee,” alisema Witness, afisa ardhi. “Tuchimbe wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Hapa.”

Walichimba, wakakuta udongo mwekundu mtupu. Akasogea. “Basi hapa.” Udongo tena. Alizunguka majani yale kama mtu aliyeangusha sindano, jasho na machozi vikichanganyika, huku vijana wa sururu wakitazamana.

“Mzee, dereva wa katapila anasubiri,” Witness alisema kwa upole. “Nimemzuia tangu asubuhi. Siwezi tena.”

Yotham aliichukua sanda aliyoileta kwa ajili ya mifupa. Alikwenda nayo nyuma ya kilichobaki cha banda, akapiga magoti mbele ya lile lundo, akachagua mawe. Katapila lilipita nyuma yake likinguruma.

Jioni, kule nyumbani, ndugu walisimama kuzunguka shimo. Ruthu ndiye aliyepokea sanda, kwa kuwa ndiye mkubwa, na mikono yake ikalegea kwa uzito.

“Mama hakuwa mzito hivi,” alinong'ona.

“Sikumpata, dada. Ni mawe yake.”

Ruthu alifungua pembe ya sanda, akalishika jiwe moja, akaligeuza. Alikuwepo siku mama alipozikwa, na ndiye aliyeweka la kwanza.

“Una hakika ni yake?”

Yotham alitazama lile shimo lililokuwa likingoja.

“Sina, dada,” alisema. “Niliyachanganya mwenyewe.”