Miguu Iko Mbali na Pua

Mimi naitwa Candia, dereva wa lori, mkazi wa Arua, na kabla ya ugonjwa huu nilikuwa mtu wa kujisifu. Nasema ukweli kwa sababu ushuhuda wa uongo ni dhambi, tena mke wangu atausoma huu. Kwa miaka ishirini na miwili nilipeleka mizigo hadi Vurra, nikavuka forodha, nikaingia Aru upande wa Kongo, nikarudi. Nilikuwa nakula sahani mbili za ugali wa muhogo na kulala usingizi wa pono. Mtu akiniambia ana mawazo, nilimwambia akalime.

Nyumbani tunasema Kilugbara, lakini maneno ya watu nitayaandika kwa Kiswahili chetu cha barabarani, kile cha jeshi na biashara, maana ndicho kilichotuunganisha wote katika habari hii. Wasomi wanisamehe.

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye sabuni. Nilikuwa nimebeba lori zima la katoni za sabuni ya kufulia, nakwenda Aru. Kabla ya Vurra kuna mteremko. Nilikanyaga breki, ikazama mpaka chini, haikushika kitu. Lori likaacha barabara, likabingirika mara mbili, likatua magurudumu juu kwenye shamba la mihogo. Mimi nikabaki ndani nimening'inia, kichwa chini miguu juu, mkanda umenibana kifuani na dizeli inanidondokea shavuni.

Nikasikia watu wanakuja mbio. Nikasema, asante Mungu, nimeokoka. Kumbe wanaikimbilia sabuni. Mama mmoja alikuwa anafoka, "Hapana! Hii katoni yangu, mimi naona kwanza!" Nilijaribu kupiga kelele, sauti haikutoka. Mzee mmoja akainama dirishani, tukatazamana, yeye kichwa juu na mimi kichwa chini.

"Baba, wewe iko mzima?"

"Nisaidie."

"Ngoja kidogo," akasema, "mimi nakuja sasa hivi."

Akaenda kwanza kupeleka katoni yake nyumbani. Alirudi kweli, na panga la kukatia mkanda, na nyumbani kwake nimeshakwenda kumshukuru. Lakini muda ule wa kwenda na kurudi ndio ulionipa ugonjwa. Niliamini nitakufa pale, nikisikiliza watu wakigombania sabuni. Niliogopa sana, na niliona uchungu kwamba mimi mzima mzima nilikuwa mwepesi kuliko katoni.

Nilitoka na ubavu mmoja uliopasuka na jino moja pungufu. Mvua ikanyesha siku ile ile, shamba likatoa povu siku tatu. Watu wa pale wanacheka hadi leo, na mimi wakati huo nilicheka nao, ili nisionekane mwoga.

Ubavu ulipopona, tajiri wangu akanipa lori jingine. Niliposhika usukani, moyo ukaanza kugonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Vidole vikafa ganzi. Jasho likatoka hata nyuma ya masikio, pumzi ikakata, na tumbo likafunguka. Naandika wazi ili mwenye ugonjwa huu ajue hayuko peke yake: nilijichafua, ndani ya lori lisilo langu, kabla sijawasha injini. Nikasema ni malaria. Kesho yake malaria ikarudi, pale pale, kwenye usukani ule ule. Baada ya wiki nikawa siwezi kupanda hata bodaboda.

Kisha ikaja harufu ya sabuni. Mke wangu Ayikoru ni fundi cherehani mwenye macho ya afisa wa forodha. Alipofua nguo uani, mimi nilitoka mbio hadi barabarani nikihema. Nikaacha sabuni kabisa. Kwa miezi minne nilioga maji matupu. Ayikoru akahamishia mto wake chumba cha watoto, na kuhusu harufu yangu anaweza kutoa ushuhuda wake mwenyewe, mimi nimemwachia.

Nilipimwa kila kitu: malaria, taifodi, presha, sukari, minyoo. Walipata minyoo tu, na minyoo ilipokufa hakuna kilichobadilika. Daktari mmoja kijana alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Mzee, moyo yako iko mzuri kuliko yangu."

Nilikasirika. Nilitaka ugonjwa wenye jina na vidonge vyake. Yeye akanipa kikaratasi kinachonielekeza Manibe, kwa washauri wa afya ya akili. Nikakikunja nikakificha ndani ya kofia, maana mimi si mwendawazimu. Hapo nikaenda kunywa dawa ya presha ya jirani, nikaanguka msalani. Msifanye hivyo.

Aliyenifanya nikitoe kofiani kikaratasi kile ni binti yangu Adiru. Adiru ni mwalimu Koboko, na alikuwa ameposwa na kijana wa Abuku. Harusi ilipangwa kufungwa kanisani Koboko mjini, Jumamosi, baada ya miezi mitatu. Alikuja nyumbani akaniuliza bila kuzunguka.

"Baba, wewe utafika Koboko namna gani?"

"Mimi nitatembea. Nitatoka hapa Jumatano."

Nilidhani atacheka. Akalia. "Kama baba hapana iko," akasema, "mimi hapana ingia kanisani. Nitakaa nje mpaka wewe nafika." Namfahamu mtoto wangu. Angekaa nje kweli, na shela lake, mpaka mvua za mwaka unaofuata.

Jumanne nikaenda Manibe kwa miguu. Nikamwambia Ayikoru nakwenda kutazama lori linalouzwa.

Nilikuta ukumbi mdogo, mikeka chini, wanawake saba, na mimi. Mshauri alikuwa Sista Letaru, nesi wa zamani, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza na maswali yasiyobembeleza. Mwalimu wa yoga alikuwa Kiden, binti wa Sudan Kusini aliyekimbilia kwetu na kupata makazi Koboko. Alikuja kila Jumanne kutufundisha kujinyoosha na kupumua. Sista Letaru aliniweka pembeni, akaniuliza nilisikia nini ndani ya lori. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliuliza kuhusu breki.

Nilimweleza. Akasema, "Candia, wewe ulitoka kwa lori, lakini mwili yako hapana jua. Mwili iko nafikiri lori bado nabingirika. Hii si wazimu. Mwili nataka kukulinda, tena inakulinda mno."

Nikauliza dawa iko wapi. Akanipa kipande cha sabuni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

Kazi yangu ilikuwa kushika ule mfuko dakika moja kila siku huku nikipumua polepole, kisha dakika mbili, kisha kuufungua, kisha kunawa. "Anza na pahali iko mbali na pua," alisema Sista. Nikajitazama toka juu mpaka chini. Kitu kilicho mbali kabisa na pua ni miguu. Basi nikaanza na miguu.

Yoga nayo ilikuwa vita nyingine. Kiden alisema tulale chali tufumbe macho. Nikafumba moja. Dereva hafumbi mawili.

"Mzee," akaniuliza, "nani iko naendesha sasa?"

"Mimi."

"Hapana. Chumba imesimama. Mimi nimeweka breki."

"Breki ndiyo iliniua, binti yangu."

Wanawake saba wakashtuka. Kiden hakushtuka. Akakunja blanketi, akalisukuma chini ya magoti yangu, akakunja jingine, akaliweka chini ya shingo. "Sawa. Mimi naweka mawe kwa magurudumu," akasema. "Jaribu kama inatembea."

Nikajitikisa. Haikutembea. Kila dereva aliyelala na lori bovu mlimani anajua maana ya jiwe zuri chini ya gurudumu. Nikafumba jicho la pili, na kitu kilichofuata ninachokumbuka ni Kiden akinigusa bega. Nilikuwa nimekoroma mpaka wanawake saba wakashindwa kupumzika, na mmoja akaenda kulala nje chini ya dirisha. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza wa kweli tangu Vurra.

Nikaendelea. Kila Jumanne asubuhi nilikaa uani na beseni, nikasugua visigino kwa sabuni na jiwe, uso nimeugeuzia barabarani. Jioni nilirudi nimelegea, natabasamu. Mimi sikuona shida. Ayikoru aliona ushahidi kamili. Mwanaume amekataa sabuni miezi minne, sasa anaosha miguu peke yake, siku moja tu kwa wiki, anakwenda kutazama lori lile lile ambalo halinunuliki, anarudi anacheka. Mke gani asingefuata?

Alinifuata Jumanne ya tano. Siku hiyo tulikuwa tumelala tumeegemeza miguu ukutani, wote safu moja, na wanawake walikuwa wamevaa suruali. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"CANDIA!"

Miguu kumi na sita ikaanguka kwa pamoja.

"Mimi najua!" akasema Ayikoru, mkoba kwapani, kidole kinanitafuta. "Mwanaume hapana osha miguu Jumanne bure! Na hapana mwanamke moja. Saba!"

Nilijaribu kuinuka, nikajikuta nimejifunga kwenye blanketi. Kiden akamwomba aketi. Ayikoru akauliza hii ni dini gani ya kulala mchana miguu juu. "Mama, hii hapana dini," Kiden akamjibu. "Hii ni pumzi tu. Mungu alikupa zamani." Ayikoru akasema ya kwake anaitumia vizuri, na akaanza kuitumia kunifokea.

Hapo Sista Letaru akaniambia kwa upole, "Mwambie bibi yako ile uliniambia." Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia mke wangu, mbele ya watu, yote: malaria haikuwa malaria, nilijichafua kwenye lori, na kila nikinusa sabuni naning'inia tena kichwa chini nikimsubiri mzee aliyepeleka katoni nyumbani. Nilipofika kwenye "ngoja kidogo, mimi nakuja sasa hivi", mmoja wa wanawake, mkimbizi aliyetembea wiki mbili na watoto wanne, akaangua kicheko. Akajiziba mdomo, kikamshinda. Kikasambaa. Nikacheka mimi, mpaka ubavu wa zamani ukauma, na katikati ya kucheka nikaanza kulia na sikuweza kuacha.

Ayikoru hakucheka. Aliweka mkoba chini, akavua viatu, akaja kukaa mkekani karibu nami. "Kwa nini wewe hapana niambia?" akauliza. Nikasema niliona aibu. Akaniambia mimi ni mjinga, kwa Kilugbara, ambako neno hilo ni refu zaidi. Kisha akalala chali, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa anakoroma kunishinda. Wiki ile mto wake ukarudi.

Najua desturi ni kuweka shukrani mwishoni, lakini nikifika mwisho nitalia, kwa hiyo nazitoa sasa. Nawashukuru Sista Letaru na Kiden, walionitendea kama mtu na siyo kama kichekesho, ingawa walicheka. Namshukuru yule daktari kijana. Ninyi wanaume wenzangu mnaosoma, hasa madereva na wanajeshi wa zamani: kama moyo umepimwa ni mzima na bado unakimbia, nendeni mkaulizwe maswali. Mkeka hautawaroga. Hubiri langu ni hilo tu. Na wake zenu waambieni mapema, ili msifumaniwe kama mimi.

Sasa harusi. Kufikia Jumamosi ile nilikuwa naoga sabuni mwili wote, na nilikuwa nimekaa kwenye gari lililosimama, kisha lililotembea hadi kona na kurudi. Sikuwa nimepona. Hilo lilinisumbua, nikamwambia Sista nahitaji wiki mbili zaidi. Akasema, "Woga nayo nataka kwenda harusi. Wewe panda, yeye pia atapanda. Lakini hapana mpa usukani."

Tulikodi gari dogo. Nilivaa suti. Tulipotoka Arua nilipumua kama Kiden alivyofundisha, mpaka kwenye mteremko wa kwanza, na hapo vidole vikafa ganzi. Nikapiga kelele gari lisimame. Nikatoka, nikasimama kwenye nyasi, nikaanza zoezi alilonipa Sista la kutaja vitu vitano ninavyoviona: mbuzi, mlima, mama anayeuza mihogo, mke wangu akitazama saa, mke wangu akitazama saa tena. Nikarudi garini. Tulisimama mara nne hivyo. Mara ya tatu dereva naye alishuka kupumua, akasema inasaidia.

Tulifika Koboko tumechelewa saa nzima. Padri alikuwa mlangoni ameshika kitabu chake, uso umekunjamana. Waimbaji walikuwa wamerudia wimbo mmoja mpaka sauti zimekauka. Na Adiru alikuwa nje, kama alivyoahidi, amesimama juani na shela lake, amekataa kiti.

Sikuweza kusema samahani, pumzi haikutosha. Nikampa mkono. Akaushika, akaugeuza, akautazama.

"Baba, wewe iko natetemeka."

"Mimi najua. Nimetetemeka toka Arua."

Akaweka mkono wake juu ya wangu, nikauhisi. Wa kwake ulitetemeka zaidi.

"Twende hivi hivi?" akauliza.

"Twende hivi hivi."

Tukaingia.