Kibao Alichokisifu Bibi

Juzi kwenye nyumba ya wazee ya Ganshoren, huku ughaibuni ninakofanya kazi, walileta mzee mpya kwenye korido yangu. Nilimtambua papo hapo. Ni mwalimu wangu wa Kiingereza wa utotoni, na nakwambia kweli, rafiki yangu, nilifurahi kwa ubaya.

Enzi hizo tulikaa Saint-Gilles, kwenye jengo la ngazi zilizonukia sombe, yale majani ya muhogo, na mawese, na bibi ndiye aliyenilea. Jumamosi, nikishamaliza kumpepetea mchele, nilikwenda sebuleni kwa mwalimu, mtu wa Bukavu kama sisi. Alitufundisha kwa methali za Waingereza: wapishi wengi huharibu supu, jiwe libingirikalo halioti kuvu. Aliyeponyokwa na Kiswahili alivishwa kibao shingoni, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba watoto waonekane, wasisikike, akarudi nacho kwao.

Siku yangu ilipofika, bibi, asiyejua kusoma, alidhani nimetunukiwa. Alikifuta kwa kitenge chake, akashukuru, na Jumapili akanivalisha niende nacho kanisani. Sikuthubutu kumwambia. Baada ya misa mwalimu akamsomea maana yake mbele ya akina mama wote, huku akicheka, nao wakacheka. Bibi alinivua kibao, akanishika mkono. Nje akasema mara moja tu, “Malipo ni hapa hapa duniani.”

Lakini mimi nilimwonea haya bibi, si mwalimu. Tangu siku ile akinisemesha Kiswahili nilimjibu Kifaransa, au nilinyamaza, mpaka tukamzika. Hilo ndilo sijamsamehe yule mtu.

Sasa maradhi yamemfutia Kiingereza na Kifaransa, amebaki na Kiswahili cha utotoni, na hapa hakuna anayekielewa ila mimi. Muuguzi aliniuliza mzee anasema nini. Nikamwambia sijui.

“Mutoto, niko nasikia baridi,” alisema. “Unisemeshe kidogo.”

Nilimfunika blanketi, kazi ni kazi. Kisha nikainama sikioni pake, nikamwambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba wazee waonekane, wasisikike. Miaka yote nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

Akatabasamu. Alidhani nimemsifu.

“Aksanti, mutoto yangu,” akasema, vilevile kama bibi alipokuwa akifuta kibao.

Nilitafuta neno la kumjibu. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilijifunza ukubwani, vitabuni. Kile cha jikoni kwetu bibi aliondoka nacho. Nikasukuma kitoroli changu cha chai hadi chumba kinachofuata.