Skrini Iliyolala Ubavu

Ndugu yangu mdogo alikuwa fundi wa mashine za gemu, zile kubwa za sanduku la mbao zilizokuwa kwenye vibanda vya mjini Nyeri miaka ya tisini. Alianguka kutoka paa la jirani akifunga antena, akavunjika mgongo. Mikono ilibaki nzima, miguu ikakataa kabisa. Hospitali ilipomruhusu nilimleta kwangu mtaani Skuta, na mwajiri wake, aliyekuwa akifunga kibanda, akamletea mashine moja kuukuu imliwaze. Tuliisimamisha mbele ya kitanda, tukamwegemeza kwa mito, tukavuta nyaya za vibonyezo hadi mikononi mwake.

Tangu siku hiyo alikataa kulala ubavu. Muuguzi alikuwa amenionya waziwazi kwamba asipogeuzwa, mgongo utaoza, na kidonda cha namna hiyo huua. Tayari kilikuwa kimeanza chini ya kiuno. Kwa kuwa hakusikia uchungu wowote huko, alibishana nami kama wakili. Sanduku lilikuwa na magurudumu, ningeweza kulisukuma upande wowote anaoangalia, lakini akilala ubavu, alisema, magari yote kwenye gemu yanapanda ukuta.

"Basi nitalaza skrini nayo," nikamwambia.

Alicheka hadi akakohoa. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na hata balbu ikiungua nilikuwa namwita yeye. Lakini nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika huwa siambiliki. Nilienda gereji moja Karatina nikapata mota ya waipa, ya kufutia kioo cha gari, iliyotolewa kwenye pikapu iliyogongwa. Cheni na gia tulitoa kwenye baiskeli yake mwenyewe. Aliniambia niifungue bila kusita, na hapo ndipo nilipotoka nje nikalia.

Yeye aliamuru kutoka kitandani, mimi nikakaza boliti na kuunguza vidole. Televisheni iliyokuwa skrini ya mashine tuliitoa sandukuni, tukaifunga kwenye ubao wa duara, mota tukaiunga na betri ya gari. Mara ya kwanza ilizunguka ikapitiliza, ikakata nyaya zote. Akanifundisha kuweka swichi ndogo kila mwisho wa mzunguko ili mota ijizime ikifika. Kisha rangi zikaharibika, kona moja ikawa zambarau kila skrini ikilala. Akasema niizime, ipoe, niiwashe tena. Zambarau ikatoka.

Siku ilipokubali, nilibonyeza swichi ya kuwashia mota, skrini ikajilaza polepole ikinguruma, na magari yakanyooka machoni pake. Nilipiga makofi peke yangu. Kuanzia hapo alikubali kugeuzwa, huku na huku, bila ubishi. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Niliwaambia majirani, kina mama wa kanisani, hata muuza mboga. Nilijisifu mno, nakiri, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Ikaja baridi ya Julai, na homa. Kidonda kilikuwa kimekauka juu tu. Ndani kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Asubuhi hiyo, tukisubiri gari la kumpeleka hospitali, nilimgeuza kwa ubavu wa dirishani, nikanyoosha mkono kwenye swichi. Akanishika kiganja.

"Wacha tu, sista. Hiyo game nilichoka nayo kitambo."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akicheza kila siku, na kuniomba niizungushe.

"Ungeona vile uso yako hukaa hiyo kitu ikizunguka. Mimi nilikuwa naangalia wewe."

Nilimfunika blanketi, nikamshika mkono hadi gari likafika. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kwenda, nilibonyeza ile swichi mara moja tu. Skrini ikazunguka vizuri kabisa, ikasimama pale ilipotakiwa, na hakukuwa na mtu chumbani wa kuniambia uso wangu ulikuwaje.