Kikombe cha Mdiria

Nilipofungua katoni, harufu ya naftalini na karafuu ilinipiga usoni, nikajua imetoka kwa nani kabla sijaona kilichomo. Ndani, vikiwa vimeviringishiwa magazeti, mlikuwa na vikombe vitano vya kauri vyenye ndege. Shangazi Zaina, dada mkubwa wa baba yangu, Papa, alikuwa amenitumia zawadi ya kumaliza chuo. Mtu mwingine angeandika ujumbe wa shukrani. Mimi niliandika jumbe tisa, nikafuta zote tisa.

Ninyi mnaonisoma, niwaambie: vilikuwa sita. Kila kimoja kilikuwa na ndege wake, aliyechorwa unyoya kwa unyoya kama katika vitabu vya zamani, na jina lake chini kwa herufi za kulala. Shangazi alivifungia katika kabati la vioo. Siku ya Idi, tulipokusanyika kwake, mtaa wa Tshopo, baada ya sala, alivitoa na kumgawia kila mtu wa damu ndege wake. Papa alikuwa wa hondohondo. Mimi nilipewa njiwa wa kijani nilipotimiza miaka sita. Wageni walipewa glasi.

Mama hakupewa hata glasi. Alizaliwa Yanonge, kando ya mto, katika familia ya wavuvi Wakristo, na chai yake ilimiminwa katika kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Kilioshwa nje, peke yake. "Kikombe ya mutu ni mudomo yake," Shangazi alipenda kusema, na mdomo wa Mama, kwa maelezo yake, ulikuwa umekula nguruwe. Lakini samaki wa moshi aliowaleta Mama, Shangazi aliwala mpaka akafyonza vichwa. Tonton Salumu, mzee wetu aliyefundisha watoto Kurani, siku moja alimwambia Shangazi kwamba sheria hiyo haimo katika dini.

"Katika dini labda," alijibu Shangazi. "Lakini katika kabati yangu iko."

Nilimwuliza Mama kwa nini yeye hanywi na ndege. Akacheka. "Mikono ya watu wa mto iko na baridi, mwanangu. Ikishika kikombe ya udongo, inapasuka."

Nilimwamini, na kuamini kwangu kulikuwa kazi nzito. Nusu ya damu yangu ilikuwa ya mto, kwa hiyo njiwa wangu nilimshika kwa ncha za vidole, nikisubiri mlio wa ufa. Nilipotimiza miaka minane nikapata dawa. Kabla ya Idi nilimfanyisha Mama mazoezi kila jioni: kwanza kupasha viganja juu ya mbabula, jiko letu la makaa, halafu kushika bakuli letu la pekee la udongo huku nikihesabu mpaka ishirini. Alifanya yote bila kucheka. Nilidhani anaogopa kama mimi.

Siku yenyewe, chai ya tangawizi ikinukia uani, kikombe cha mdiria kilikuwa mezani kikimngojea binamu aliyechelewa. Nilikichagua kwa sababu mdiria ni ndege mvuvi. Nilikijaza, nikampelekea Mama jikoni. Alinitazama. Kisha akanyoosha mikono juu ya makaa, mbele na nyuma, kama nilivyomfundisha, akakipokea, akanywa.

"Hakikupasuka!" nilipiga kelele. "Mama, hakikupasuka!"

Kelele zangu ndizo zilizomleta Shangazi mlangoni.

"Nani alimupa ile kikombe?"

"Ni mie, Shangazi. Hatavunja, nilimufundisha."

"Alimufundisha! Sikieni, mutoto anafundisha mama yake kushika kikombe!" Wanawake uani wakacheka. "Bon, bokilo, leta."

Bokilo ni mkwe. Sikuwahi kumsikia akimwita Mama kwa jina.

Mama alimpa. Shangazi akamwaga chai kwenye mchanga, akainua mkono, akakipigiza kikombe kwenye ngazi ya saruji. Kichwa cha mdiria kiliteleza mpaka miguuni pa Papa.

Mama hakulia. Alitungua kikombe cha bati msumarini, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwa miguu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Njia nzima nilikuwa nikilifikiria hilo, na nikafika nyumbani nikiwa najua kwamba nilidanganywa, ingawa sikujua kwa nini.

Miaka mingi nilimchukia Shangazi, na sijaacha. Lakini jambo jingine lilinichelewea. Nikiirudia siku ile, namwona Papa kitini. Anatazama kichwa cha ndege karibu na kiatu chake. Anasogeza mguu. Halafu anamaliza chai yake. Kabati lile lilikuwa la dada yake, na neno moja kutoka kwake lingetosha. Shangazi alivunja kikombe kimoja, mara moja. Papa alikunywa katika hondohondo Idi baada ya Idi, mke wake akiwa nyuma ya mlango.

Juzi Papa aliiona katoni akafurahi. "Eh! Kikombe yangu! Niletee chai humo, mwanangu."

Nilichemsha chai. Hondohondo nilimwacha katika gazeti lake, nikatwaa kile cha bati ambacho Mama bado anakitumia, nikakijaza mpaka juu, nikakiweka mbele yake.

Papa alikitazama, akamtazama Mama aliyekuwa akichambua maharage. Kunyamaza ndiko anakokujua.

Safari hii, hata hivyo, chai ilipoa.