Mashine Ilisema Imegeuza Mayai Mara 168

Skrini ilisema mayai yamegeuzwa mara mia moja sitini na nane.

Mashine yenyewe haikuwa imegeuza hata yai moja.

Na bado vifaranga wakatoka. Mia moja sabini na mmoja, wanapiga kelele kama kikao cha ukoo kinachogawana shamba.

Kabla hujasema hapo pana mkono wa mtu, sogea karibu. Mkono wa mtu kweli ulikuwepo, ila si huo unaoufikiria.

Shangazi yangu anatotolesha vifaranga. Ana chumba kimoja nyuma ya nyumba, na ndani yake kuna mashine ambayo zamani ilikuwa friji. Lilipokufa likiwa friji, tukalifufua likiwa mama kuku. Lina balbu nne za joto, feni ndogo, beseni la maji la kuleta unyevu, na trei yenye fito za bomba. Yai linakaa katikati ya fito mbili. Mota ikizungusha fito, yai linabingirika.

Programu inayoendesha vitu vyote hivyo niliandika mimi. Mimi, wa kidato cha nne, niliyejifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo alama nyingine nilikuwa nabahatisha kama ni nukta au ni ufa.

Kitu kimoja ukijue ili tuende sawa. Yai lisipogeuzwa, kifaranga anagandia upande mmoja wa ganda na kufia humo humo. Siku kumi na nane za kwanza unageuza. Tatu za mwisho unaliacha litulie. Siku ya ishirini na moja unakusanya vifaranga, au unakusanya aibu.

Sasa, kwenye programu nilikuwa nimeweka mistari ya ukaguzi. Kazi ya mistari hiyo ni kusema, "Hapa lazima jambo fulani liwe kweli. Kama si kweli, simama, piga kelele." Joto lazima lisizidi kiwango. Mlango lazima uwe umefungwa. Mota lazima iwe imezunguka.

Kelele zenyewe nilijiandikia kwa raha zangu.

Joto likizidi, skrini inaandika: NANI ANACHEMSHA WATOTO WA WATU?

Maji yakiisha: BESENI LIMEKAUKA KAMA SALAMU ZA WIFI.

Shangazi alikuwa hasomi sana skrini, kwa hiyo tuliishi kwa amani.

Mpaka alipokuja Bibi Mkuu.

Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu. Kuku wake walipigwa na ugonjwa wa kideri, banda zima, wakabaki majike wachache na jogoo mmoja anayetembea kama anadai pensheni. Ni mbegu aliyoilea miaka kumi na mmoja. Akakusanya mayai mia mbili, yote aliyoyapata, akayaleta kwa shangazi ndani ya makapu mawili, ameyalaza juu ya nguo.

"Haya yakiharibika," alisema, "hakuna mengine."

Shangazi akampokea makapu kama anapokea mapacha.

Siku ya nne Bibi Mkuu akaja kuyajulia hali. Akafungua mlango wa mashine achungulie. Akachungulia sana. Skrini ikawaka mbele ya pua yake:

FUNGA MLANGO WEWE. KWENU HAKUNA MILANGO?

Bibi Mkuu alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasoma tena, taratibu, kama anasahihisha insha.

"Nani ameandika hivi?"

Shangazi alinitazama. Mimi nikatazama dari, kana kwamba jibu limebandikwa kule.

"Ni huyu mtoto wa kaka yangu, mwalimu. Anapenda utani."

"Naona," alisema Bibi Mkuu. "Na alama ya kuuliza ameiweka mahali pake. Hilo nampongeza."

Alipoondoka tu, shangazi akanigeukia. "Matusi hayo yatoke leo hii. Si kesho. Umesikia, baba?"

Shangazi akikuita baba kwa sauti ile, hata mfupa wa mguu unaitikia.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angekaa chini, apitie ujumbe mmoja mmoja, aandike maneno ya adabu. Mimi nilikuwa na haraka. Nimepata kibarua kwenye duka la kompyuta mjini, natakiwa kuripoti kesho yake asubuhi, na kurudi ni Jumapili kwa Jumapili.

Nikatumia njia ya mkato. Ile mistari yote ya ukaguzi inaitwa kwa makro moja, yaani neno moja fupi linalosimama badala ya maneno mengi. Langu nililiita hakikisha. Ukiandika mstari mmoja tu juu kabisa ya programu, kila palipo na hakikisha panageuka kuwa hewa. Ni sawa na kumfukuza mkaguzi. Programu inabaki inafanya kazi bila mtu wa kuisemea.

Nikaandika huo mstari. Nikaingiza programu upya. Nikafungua mlango wa mashine: kimya. Heshima tele. Skrini imebaki na joto, unyevu, na hesabu ya mageuzo inayoanza sifuri.

Nikafunga begi nikaenda mjini, moyo mweupe.

Kesho yake shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, mayai yamelala."

"Yamelala vipi, shangazi?"

"Nimeyachora kwa penseli kama siku zote. Huku msalaba, huku duara. Tangu jana naona misalaba tu."

"Skrini inasema nini?"

Nikamsikia anasogea. "Mageuzo kumi na mbili."

"Si hayo hapo? Kumi na mbili kwa siku, kila baada ya saa mbili. Umechungulia wakati yamemaliza mzunguko mzima, ndiyo maana yamerudi palepale."

"Kila nikichungulia?"

"Shangazi, mashine haina sababu ya kukudanganya. Haikudai kitu, hujaikosea."

Nikasikia anafunga mlango wa mashine.

"Haya," alisema.

Mimi, kwa kujisikia, nikamtumia picha ya kuku aliyevaa miwani.

Jumapili mbili zilizofuata nilipofika sikukuta jipya. Mayai kwa macho yamekaa vizuri, skrini inasoma namba kubwa kubwa, shangazi ananiuliza kama nakula vizuri. Nikasema moyoni, unaona? Teknolojia inahitaji subira.

Siku ya ishirini na moja nilichukua ruhusa kazini. Asubuhi ganda la kwanza likapasuka. Mchana trei yote inacheza. Jioni tukahesabu: mia moja sabini na mmoja kati ya mia mbili. Mama kuku mwenyewe angeomba kuja kujifunza.

Bibi Mkuu alishika mmoja kiganjani, akageukia ukutani akapenga kamasi muda mrefu kuliko mafua ya kawaida.

Mimi sasa. Nilisimama mbele ya majirani nikaeleza mashine inavyogeuza. Nikanyooshea skrini kidole: 168. Nikasema, "Binadamu angesahau. Mashine haisahau."

Shangazi alikuwa amesimama kando, anafuta mikono kwenye kanga.

Bibi Mkuu akasema, "Kijana, nitengenezee na mimi ya kwangu. Niiweke nyumbani. Mayai ya pili nayaingiza mwezi ujao."

Niliporudi mjini sikukanyaga chini.

Siku ya tisa baada ya vifaranga kutoka, mashine ya pili, nayo friji bovu, ilikuwa tayari chumbani kwangu. Nikaingiza programu ile ile iliyotukuka. Nikaweka yai moja la majaribio. Nikasubiri.

Skrini: Mageuzo 1.

Mota: kimya.

Nikabadilisha mota. Mageuzo 2. Kimya.

Nikabadilisha waya. Nikapuliza. Nikapiga kofi pembeni, utaalamu wa mababu. Mageuzo 3. Yai linanitazama tu.

Mwishowe nikaufuta ule mstari wa juu, ili ukaguzi urudi uniambie kinachouma. Papo hapo mota ikanguruma na yai likabingirika.

Nikaurudisha mstari. Kimya.

Nikaufuta. Ikanguruma.

Yaani inafanya kazi ikikaguliwa tu. Kama mimi shuleni.

Ndipo nikasoma mstari wenyewe wa mota. Nilikuwa nimeandika hivi:

hakikisha(geuza_mayai());

Ukitaka kucheka cheka, nimesharuhusu. Ile amri ya kugeuza mayai niliiweka ndani ya ukaguzi. Kwa hiyo nilipougeuza ukaguzi kuwa hewa, kugeuza nako kukawa hewa. Mstari unaofuata, wa kuongeza hesabu, ulikuwa nje, mzima wa afya, unaongeza moja kila saa mbili kwa kazi ambayo haijafanyika.

Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua pana jasho.

Kwa sababu mashine ya shangazi ilikuwa na programu hiyo hiyo. Siku kumi na nne. Sasa wale mia moja sabini na mmoja walitoka wapi?

Nilifika kwa shangazi hata salamu sikuikamilisha.

"Shangazi, ile mashine haikuwa inageuza."

"Najua." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Nilikupigia simu."

"Sasa nani aligeuza?"

Akaniinulia viganja viwili. "Mara tano kwa siku. Hawa hawasahau."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nikuaibishe mbele za watu, na ulivyokuwa umenyoosha kile kidole?"

Nikakaa kwenye ndoo. "Nitaitengeneza kimya kimya. Kosa lenyewe ni dogo, kesho nampelekea Bibi Mkuu iliyo nzima."

"Ameiagiza kwa sababu ya uliyoyasema. Sasa ukafute uliyoyasema. Mashine yake haina shangazi ndani."

"Akiniambia nirudi na friji langu?"

"Utarudi nalo. Tutaweka unga."

Nilikwenda. Njia nzima natafuta maneno, na yote niliyoyapata yalikuwa na utani ndani, nikayaacha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mashine iko wapi?"

"Ile ya kwanza haikugeuza yai lako hata moja tangu siku ya nne. Niliizima mwenyewe bila kujua. Shangazi aliniambia, nikamcheka. Mayai yako yaliokolewa na mikono yake."

Alitazama kalenda ukutani. "Siku kumi. Nilikukadiria mwezi mzima."

Sikumwelewa.

"Kijana, mayai mia mbili, mara tano kwa siku, mtu mmoja anaweza? Alfajiri na jioni zilikuwa zamu zangu."

Nilitafuta ndoo ya kukalia, haikuwepo.

"Ulijua. Na bado ukaniagiza?"

"Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Aliyekosa hesabu sikumfukuza hata mara moja. Niliyemfukuza ni yule anayeficha daftari. Ungeileta bila kusema, ningeipokea kwa shukrani na kuhifadhia mahindi." Akavuta kiti. "Sasa nionyeshe hilo kosa."

Nikafungua kompyuta. Akausoma mstari kwa kidole.

"Kwa hiyo mkaguzi ndiye aliyekuwa anafanya kazi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Shuleni kwangu alikuwepo wa hivyo. Alipostaafu, kengele haikulia wiki nzima, na daftari likaonyesha imelia."

Jumatatu nilimpelekea mashine. Yeye mwenyewe alichora mayai yote kwa penseli kabla hajaniruhusu kuwasha. Saa mbili baadaye tulichungulia wote wawili. Maduara.

Wewe unayeandika programu: kazi ipe mstari wake, ukaguzi uupe wa kwake, ili siku ukimfukuza mkaguzi, mfanyakazi asimfuate. Na ukiweza, mkaguzi usimfukuze kabisa. Mfundishe adabu tu.

Na wewe usiyeandika: mtu aliyesimama mbele ya mayai akikuambia yamelala, usimsomee skrini.