Mgeni Aliyetaka Kupelekwa Kwenye Weupe

Utacheka, na ucheke. Ningehadithiwa hata mimi ningecheka. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, hapa hapa Likoni, mchana, jua likiwa utosini. Watu hudhani mambo haya yana usiku wake. Nani aliwaambia?

Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa na kwodi moja, zile pikipiki za magurudumu manne wanazopandishwa wageni ufuoni. Maji yakitoka, mchanga hubaki mtupu mpaka karibu na mwamba, naye ndiko alikowazungushia. Mimi nikimpelekea chakula cha mchana, tukala pamoja mkekani, chini ya kibanda cha makuti.

Siku hiyo nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Joto la kaskazi, wallahi, ungeanika nazi ikakauka ukiitazama. Ndipo akapita mtu. Amevaa koti zito la manyoya, glavu, na kofia ya sufu imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nami, kama nilivyolelewa, tonge likiwa mkononi, macho kwenye sinia, nikamwambia, "Karibu."

Wewe ungesema nini? Sisi hatuli mtu akipita tukanyamaza. Na anayepita hushukuru, akasema endeleeni, akaenda zake. Huyu hakwenda zake. Aliketi.

Akavua glavu moja, akatia mkono kwenye sinia. Pale alipogusa, tui liliganda likawa jeupe pe. Nikamtazama mdomo: kila akipumua anatoa moshi, kama chungu kilichofunuliwa. Nilitaka kusema bismillahi, ulimi ukanifia kinywani. Baba Zuhura alikuwa na njaa, kichwa ameinamisha, anakula upande ule ule wa mgeni.

"Nipeleke kwenye weupe," mgeni akasema, kwa Kiswahili safi kama mtu aliyezaliwa Mtongwe.

Baba Zuhura akacheka. "Weupe gani, bwana? Huku hakuna theluji. Huku ni mchanga."

"Wewe nipeleke tu. Itakuja."

"Baba Zuhura, usiende," nikasema.

"Mama Zuhura, tangu asubuhi sijapata mteja. Mzunguko mmoja tu. Niwekee kichwa cha samaki."

Wakaondoka, mume wangu mbele, mgeni nyuma amemkumbatia kiuno. Niliita mpaka koo likanikauka, lakini kwa injini ile angenisikia nani? Na kila walipopita, alama za magurudumu zilikuwa zikigeuka nyeupe. Si weupe wa chumvi, chumvi naijua. Nikakimbia kuzifuata, nikakanyaga moja kwa mguu mtupu, na niamini, niliungua kwa baridi. Ngozi ya unyayo ilibaki pale pale.

Niliikuta kwodi karibu na mwamba, injini imezimika. Baba Zuhura ameketi kiti cha nyuma. Kiti cha mbele hakina mtu. Mikono ameizungusha hewani, amekumbatia kiuno kisichokuwapo, na nyusi zimemganda barafu. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Nikamburura peke yangu mpaka nchi kavu, nalia njia nzima. Kwodi ilichukuliwa na maji, na sikuigeukia.

Huu ni mwaka wa pili. Mume wangu hujifunika mablanketi matatu, Mombasa hii, na meno bado yanagongana. Hospitali walimpima wakasema hana homa, hana malaria. Akiniegemea kitandani nastahamili mpaka nashindwa, kisha nahamia kwenye mkeka, nikiona haya kwa kumkimbia mume wangu mwenyewe.

Maalimu alikuja kumsomea. Akasoma, kisha akauliza, "Huyu mgeni nani alimkaribisha? Maana hafukuziki. Aliyemkaribisha ndiye wa kumuaga."

Mashemeji zangu wote wakanitazama. Nikasema sijui.

Sijamwambia mtu mpaka leo, wewe ndiwe wa kwanza. Na si kwamba sijamuaga. Namuaga kila siku, mlangoni, kwa sauti ya chini wasinisikie: kwaheri, nenda salama, tumeridhika nawe. Haendi. Nifanye nini zaidi?

Siku hizi nikiwa nala, mtu akipita nanyamaza. Majirani wanasema Mama Zuhura amekuwa mchoyo. Waseme. Nawe mwenzangu nakuusia, karibu ni neno jema, lakini inua macho kwanza umtazame unayemwambia.

Juzi nilikuwa napakua chakula, mlango uko wazi, nje hakuna mtu. Baba Zuhura akatoa kichwa kwenye mablanketi, akatazama mlangoni, akatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu siku ile.

"Mama Zuhura," akasema, "mbona humkaribishi? Chakula kinapoa."

Nikatazama sinia. Tui lilikuwa limeshaganda.