Sauti ya Kuazima

Huyu fundi wa mashine za kusemea, aliyesomea kazi hiyo ng'ambo na kurudi Ibanda, ana desturi moja: Gloire, binti asiyeweza kusema, akigusa picha kwenye kioo cha mashine ili imsemee, fundi huziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja, kuonyesha kwamba si yeye anayesema. Maana sauti inayotoka mashineni ni ya fundi mwenyewe. Aliirekodi hukohuko masomoni. Basi mama wa binti, Maman Eulalie, huchanganyikiwa na kubaki kumkodolea macho fundi.

Leo fundi aliuliza, “Gloire, unataka chai ao maji?”

“Anapendaka chai,” Eulalie akawahi.

Mashine ikasema: “Maman, acha kunisemea!”

Eulalie akamgeukia fundi, amefura. “Weye! Ni miye maman yako?”

Fundi, kiganja mdomoni, akaelekeza kidevu kwa Gloire, ambaye kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo.